Uhuru Ilirushwa Kutoka Ngomeni

Ukisimama ufukweni Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, siku ambayo hakuna ukungu, utaona vitu kama meza kubwa za chuma zimesimama baharini kwa miguu yao. Wenyeji watakwambia ni za Wataliano, na mazungumzo yataishia hapo. Mimi nilikua nikiziona kila likizo tulipopelekwa kwa babu, na sikumbuki hata siku moja niliyouliza ni za nini. Mtoto huuliza habari za vitu vipya. Meza zile nilizikuta, kama nilivyoukuta mnazi ulio mbele ya nyumba.

Nilikutana nazo tena nikiwa na miaka 24, ndani ya tanbihi. Nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili kuhusu miaka ya mwanzo ya uhuru wa Kenya, na usiku, kichwa kikishachoka na hotuba za wanasiasa, nilikuwa najisomea habari za mashimo meusi. Sina sababu ya maana ya kueleza kwa nini mashimo meusi. Ni kama watu wengine wanavyoangalia mpira. Sasa usiku mmoja kitabu kikataja kwamba shimo jeusi la kwanza kukubalika na wanasayansi lilijulikana kwa msaada wa setilaiti ya Marekani iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka pwani ya Kenya, na kwamba setilaiti hiyo iliitwa Uhuru.

Nikaisoma sentensi ile mara tatu. Mchana nilikuwa na uhuru, usiku nilikuwa na mashimo meusi, na sikuwahi kudhani kwamba viwili hivyo vilipita mlango mmoja.

Nilipompelekea msimamizi wangu pendekezo la kuongeza sura, alinijibu kwa upole kwamba hiyo ni historia ya Marekani na Italia, na kwamba Kenya ilikuwamo kama gati linavyokuwamo katika safari ya meli. Jibu hilo limenikaa kooni tangu siku hiyo. Yaliyomo humu ni yale ambayo sikuweza kumwambia pale ofisini, na sina hakika kama yanamshinda.

Kwanza shimo lenyewe, kwa sababu lina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1783 kasisi mmoja wa Uingereza, John Michell, alimwandikia rafiki yake Henry Cavendish barua iliyosomwa mbele ya Royal Society. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Jiwe ukilirusha juu hurudi. Ukilirusha kwa kasi ya kutosha halirudi. Nyota ikiwa kubwa sana, kasi inayotakiwa kuikimbia itazidi hata kasi ya nuru. Alikadiria kwamba nyota yenye msongamano sawa na wa jua letu, lakini yenye kipenyo mara 500 zaidi, isingeweza kuachia nuru yake ikatufikia. Ingekuwapo, na tusingeiona. Ila Michell aliongeza jambo ambalo naomba ulishike, kwa maana tutalihitaji mbele: kama nyota ya namna hiyo inazungukwa na nyenzake inayong'aa, mwendo wa huyo mwenzake utatufichulia kwamba kuna kitu pale.

Barua ile ikasahaulika kwa zaidi ya karne. Mwaka 1915 Albert Einstein alitoa nadharia yake mpya ya mvutano, na wiki chache tu baadaye Karl Schwarzschild, mnajimu wa Ujerumani aliyekuwa jeshini upande wa Urusi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaipatia ufumbuzi uliokuwa na umbali mmoja wa ajabu ndani yake. Ukilikandamiza jua hadi nusu-kipenyo chake kiwe kilomita 3, hakuna kitakachotoka. Kwa dunia yetu, na bahari zake zote na milima yake, umbali huo ni milimita 9: dunia nzima ndani ya kitu kikubwa kama kete ya bao. Schwarzschild alifariki Mei 1916 kwa ugonjwa wa ngozi. Wengi, Einstein mwenyewe akiwamo, walidhani jambo lile ni la kwenye karatasi tu, asili isingelikubali.

Aliyeanza kuonyesha kwamba huenda asili ikakubali alikuwa kijana wa miaka 19, raia wa koloni. Subrahmanyan Chandrasekhar alipanda meli India mwaka 1930 kwenda kusoma Cambridge, na safarini, badala ya kuhesabu mawimbi, akahesabu nyota. Alitaka kujua nyota iliyomaliza kuni zake inakuwaje. Akapata kwamba ile inayobaki na tungamo la zaidi ya takriban mara 1.4 ya jua haiwezi kutulia kama masalio ya kawaida. Mvutano wake utaendelea kuibana. Januari 1935 alisoma kazi yake London mbele ya Royal Astronomical Society. Aliyesimama baada yake alikuwa Arthur Eddington, mnajimu mashuhuri kuliko wote Uingereza, ambaye alikuwa akizungumza naye mara kwa mara juu ya kazi hiyo na hakumdokeza alichokusudia kusema. Eddington aliifanyia mzaha nadharia ile na watu wakacheka. Nikiwa mwanafunzi najua uzito wa kicheko cha ukumbini kuliko uzito wa nyota. Chandrasekhar aliliacha suala hilo kwa miaka mingi, akahamia Marekani, na Tuzo ya Nobel ikamfikia 1983. Mwaka 1939 Robert Oppenheimer na Hartland Snyder walionyesha kwa hesabu jinsi nyota inavyoweza kuporomoka moja kwa moja hadi ijifungie. Makala yao yalitoka tarehe 1 Septemba, siku ile ile Ujerumani ilipoivamia Poland, na dunia ikawa na mengine ya kusoma.

Kwa hiyo kufikia miaka ya 60 lilikuwapo wazo, na kufikia mwishoni mwake likawa na jina, maana ni John Wheeler aliyelieneza jina la shimo jeusi kuanzia 1967. Lisilokuwapo ni shimo. Utalionaje jambo ambalo sifa yake ni kutoonekana?

Hili nililieleza kwa babu likizo iliyopita, tumekaa barazani, yeye anashona lema lililotoboka. Lema ni mtego wa kusukwa. Samaki huingia kwa mdomo mpana unaoendelea kuwa mwembamba ndani, na akishaingia hajui kutoka.

"Basi hilo shimo lako ni lema," babu akasema.

"Ni kama lema, babu, ila hata mvuvi hawezi kulifungua."

"Na wao wameliona?"

"Hawakuliona lenyewe. Waliona vitu vikiingia."

Akafikiri. "Mjukuu wangu, mimi nikilitega lema usiku silioni chini ya maji. Lakini chambo kikishatawanyika, samaki wanavyogombania mdomoni, maji juu yanachafuka. Ukiona maji yamechafuka unajua."

Sikuwa na la kuongeza, maana ndivyo ilivyotokea. Shimo jeusi likiwa peke yake halina dalili. Likiwa jirani na nyota, linaweza kuinyonya gesi yake. Gesi hiyo haidondoki moja kwa moja. Inazunguka kama maji yanavyozunguka tundu la karai, tabaka likisuguana na tabaka, hadi joto lake linafika mamilioni ya nyuzi. Kitu chenye joto la namna hiyo hakitoi nuru ya kawaida tu, hutoa eksirei. Maji yamechafuka. Ila kuna tatizo: eksirei za mbinguni hazifiki chini. Angahewa inazizuia zote, na ni heri kwetu, tusingeishi. Anayetaka kuziona lazima apande juu ya hewa.

Riccardo Giacconi, Mwitaliano aliyehamia Marekani, alipanda kwa roketi. Tarehe 18 Juni 1962 yeye na wenzake walirusha roketi ndogo kutoka jangwa la New Mexico, ikakaa juu dakika chache na kurudi, na katika dakika hizo ikaona chanzo kikali cha eksirei nje kabisa ya mfumo wa jua letu. Mwaka 1964 roketi ya watafiti wengine ikaona chanzo kingine katika kundi la nyota la Cygnus, bata-maji mwenye shingo ndefu. Kikaitwa Cygnus X-1. Lakini dakika chache za roketi ni kama kuchungulia ndani ya nyumba ya watu kupitia mlango unaofungwa. Giacconi alitaka kukaa ndani. Alitaka setilaiti.

Na hapa ndipo Ngomeni inapoingia. Kwa nini setilaiti ya Marekani, nchi yenye Florida, ije kurushwa Kenya? Kuna sababu mbili, na zote ni ikweta. Ya kwanza: dunia inapojizungusha, ardhi ya ikweta inakwenda kasi kuliko ardhi ya mahali pengine, karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoondoka hapo kuelekea mashariki inaipata kasi hiyo bure. Ya pili ndiyo iliyokuwa muhimu zaidi kwa Giacconi. Dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zenye umeme, na juu ya Atlantiki ya Kusini mikanda hiyo hushuka chini sana. Chombo cha kupimia eksirei kikipita humo kinapofuka kwa kelele. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya balaa hilo, na ukitoka Florida huwezi kuifikisha kwenye njia hiyo bila kupoteza mafuta mengi. Ngomeni iko chini kidogo ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na mashariki yake ni bahari tupu, hakuna wa kuangukiwa.

Wataliano waliliona hilo mapema. Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma na ofisa wa jeshi la anga, ndiye aliyekuja na mradi wa San Marco: majukwaa ya chuma, moja la kurushia na jingine, Santa Rita, la kuongozea, yakasimikwa katika Ghuba ya Ungwana. Roketi zilikuwa aina ya Scout kutoka Marekani. Aprili 1967 Wataliano walirusha hapo setilaiti yao wenyewe. Miaka mitatu na nusu baadaye ikafika zamu ya Wamarekani, na ikawa mara ya kwanza setilaiti ya Marekani kurushwa na nchi nyingine.

Kwenye makaratasi ilikuwa SAS-A, jina la stoo. Msimamizi wa mradi upande wa NASA alikuwa Marjorie Townsend, mhandisi, mwanamke wa kwanza kusimamia urushaji wa setilaiti katika shirika lile. Siku ya kurusha ikaangukia 12 Desemba, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, na ni yeye aliyependekeza setilaiti iitwe kwa neno la Kiswahili la siku hiyo, kwa heshima ya wenyeji.

Neno hili heshima nimelizungusha kichwani muda mrefu. Kuna siku linanipendeza. Setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa kazi ya eksirei peke yake, iliyofungua tawi zima la unajimu, imeandikwa katika kila kitabu cha fani hiyo kwa neno ambalo bibi yangu alilipigia vigelegele 1963. Wanafunzi wa Tokyo na Moscow hulitamka. Na kuna siku linaniudhi. Chombo kilitengenezwa Marekani, roketi ya Marekani, wakaifyatua Wataliano, takwimu zikaenda Massachusetts. Sisi tulitoa bahari, ikweta na jina. Miaka 7 baada ya bendera kupanda, uhuru ulipaa kutoka pwani yetu na hakuna Mkenya hata mmoja katika orodha ya waandishi wa makala zilizotokana nao. Sijaamua nisimame upande gani. Babu alipoulizwa alisema mtu akimwita mwanawe kwa jina lako, mtoto ni wake.

Uhuru ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi. Ilikuwa ikijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, vipokezi vyake vikifagia anga kama mnara wa taa. Ilifanya kazi hadi Machi 1973 na kuacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Kimoja, katika kundi la Centaurus, kilikuwa kikidunda kila baada ya sekunde 4.8, sawasawa kama saa. Ila aliyekuwa hatabiriki ni yule wa Cygnus.

Cygnus X-1 ilikuwa inametameta ovyo. Mwaka 1971 Minoru Oda, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi na kundi la Giacconi, na wenzake walitangaza kwamba eksirei zake zinapanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Mwanzo walidhani kuna mdundo ndani yake, uliposakwa, haukuwapo. Lakini huko kumetameta peke yake kulikuwa ushahidi, na hoja yake naipenda kwa sababu haihitaji hesabu ngumu. Kitu hakiwezi kubadilika chote kwa pamoja upesi kuliko nuru inavyoweza kukivuka. Nuru hulivuka jua kwa sekunde zaidi ya 4. Kinachobadilika kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde hakiwezi kuzidi kilomita 30,000 kwa upana. Basi kitu kile chenye nguvu kuliko jua kwa maelfu ya mara kilikuwa kidogo kuliko jua, kidogo sana.

Bado ilibaki kukionyesha kwa kidole. Macho ya Uhuru hayakuwa makali. Yaliweza kusema mtaa, hayakuweza kusema nyumba. Mwaka huo huo wa 1971 wanajimu wa redio, kundi moja Uholanzi na jingine Marekani, walinasa chanzo kipya cha redio katika mtaa ule, na kikaonekana wakati ule ule eksirei za Cygnus X-1 zilipobadilika. Nyumba ikapatikana: nyota ya buluu, kubwa, yenye namba HDE 226868, ambayo huwezi kuiona kwa macho matupu lakini darubini ndogo inaiona. Nyota kama hiyo haitoi eksirei kiasi kile. Kwa hiyo alikuwapo mwenzake.

Louise Webster, Mwaustralia, na Paul Murdin waliielekezea darubini ya Isaac Newton kule Herstmonceux, Uingereza. Upande wa pili wa Atlantiki, nje kidogo ya Toronto, Tom Bolton alikuwa akifanya hivyo hivyo. Murdin alikuwa na miaka 29, Bolton 28. Nimeziangalia tarehe zao za kuzaliwa kwa wivu usiofichika. Wote walikuta kitu kimoja: nyota inakuja na kurudi, inakuja na kurudi, kila baada ya siku 5.6. Ilikuwa inazunguka na kitu kisichoonekana, na kwa kasi yake kitu hicho kilikuwa kizito mno kuwa masalio ya aina yoyote iliyofahamika. Makala zao zilitoka mapema 1972. Ndivyo Michell alivyokuwa amesema itakavyokuwa, miaka 188 nyuma.

Waliandika kwa tahadhari, na tahadhari ile iliendelea. Mwaka 1974 Stephen Hawking aliwekeana dau na Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Hawking, aliyekuwa amewekeza maisha yake kwenye mashimo meusi, alieleza kwamba ni bima: yakitokea hayapo, angalau atakuwa ameshinda dau. Alikubali kushindwa 1990. Vipimo vilivyotolewa 2021 vinaliweka kwenye tungamo la mara 21 ya jua, umbali wa takriban miaka ya nuru 7,200. Giacconi alipata Nobel yake 2002.

Na majukwaa? Setilaiti ya mwisho ilirushwa hapo Machi 1988. Kituo cha nchi kavu bado kinapokea mawasiliano ya vyombo vya angani, na kimepewa jina la Broglio. Kenya na Italia zimekuwa zikijadiliana upya masharti yake, na Mei 2018 setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Wataliano walikuwa miongoni mwa waliosaidia. Aprili 2023 ikafuata Taifa-1. Hiyo niliitazama kwenye simu, na nilipoona mahali inapotokea nilicheka peke yangu kitandani. Taifa-1 ilirushwa kutoka California. Marekani ilirusha Uhuru kutoka pwani ya Kenya, na Kenya ikarusha Taifa kutoka pwani ya Marekani.

Nilimsimulia babu yote haya kwa jioni mbili, naye alisikiliza kama anavyosikiliza habari za watu wa bara. Jioni ya pili, lema limekwisha kushonwa, akauliza swali moja.

"Hiyo Uhuru ilirudi?"

"Haikurudi, babu. Ilizunguka imezimwa miaka kadhaa, halafu 1979 ikashuka ikaungua hewani."

"Pale pale juu?"

"Pale pale juu."

Aliyatazama majukwaa, ambayo wakati ule yalikuwa yanageuka meusi kwa sababu jua lilikuwa nyuma yetu linazama. Kisha akaniomba nimshikie upande mmoja wa lema, tulipeleke kwenye mtumbwi kabla maji hayajajaa.